Mshono wa Kushoto

9 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo umekupa likizo kidogo. Mimi sijambo, nakula, naoga, silali njaa, kwa hiyo usianze kumtuma mtu yeyote aje kunichungulia.

Samahani kwa kuchelewa kuandika. Mwezi mzima nilikuwa nahangaika na pa kulala, nikasema siandiki mpaka niwe na anwani ya kueleweka, maana nakujua, ungefunga duka ukaja kunitafuta mlango kwa mlango. Sasa nimepata chumba. Tunakaa wawili, mimi na kijana mmoja mpaka rangi. Yeye anafanya kazi zamu ya usiku, mimi ya mchana, kwa hiyo kitanda ni kimoja na kinatutosha. Akitoka yeye naingia mimi. Tatizo ni kwamba hakipoi! Kila nikilala nakikuta na joto lake, nikiamka namwachia langu. Tumeishi pamoja wiki tatu na nadhani tumeongea mara mbili.

Kazi nimepata, kiwandani. Kazi yangu ni kufunga. Vitu vinaletwa vimeshatengenezwa, nafunga, vinaondoka. Si kazi ngumu, ila ni ya kusimama.

Ahadi yangu iko palepale, Shangazi. Mwaka mmoja tu niione dunia, kisha Januari nitakuwa mlangoni kwako nilishike duka, wewe ukae kwenye kiti uniamrishe. Waambie wanaouliza kuwa magodoro ya sufi bado yana mwenyewe.

Nisalimie Baba na Dada. Na Mama Mbegu pia. Bado anaimba akichambua sufi? Mwambie huku kelele ni nyingi lakini haimbi mtu.

Ni mimi mtoto wako.


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba mara mia. Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza kwa furaha, ya pili kutafuta makosa, ya tatu kwa sababu baba yako alitaka asomewe, miwani yake ameikalia tena.

Huku hatujambo. Kaka yangu huyo, yaani baba yako, mguu unamsumbua asubuhi, mchana unapona akisikia chakula kimeiva. Dada yako amejifungua salama, mtoto wa kike, ana sauti kama anagombea uchaguzi. Amefanana na wewe masikio, tumemwombea msamaha.

Haya, sasa niambie. Kitanda umenieleza mpaka joto lake, godoro hukulitaja! Mtu niliyemlea ndani ya duka la magodoro anaandika kurasa mbili juu ya chumba na godoro halisemi? Ni la nini? Limejazwa na nani? Mnalalia vipi watu wawili wenye maumbo tofauti, huyo mpaka rangi ana uzito gani? Godoro hujazwa kwa kufuata mtu. Mtu wa nyonga nzito unamwongezea sufi katikati, mwenye kikohozi unamnyanyulia kichwani. Hayo nimekufundisha au nilikuwa naongea na ukuta?

Na hicho kiwanda ni cha nini? Unafunga, unafunga nini? Misumari? Sabuni? Wafungwa?

Duka liko salama. Magodoro yamejaa mpaka mlangoni, napita kiubavuubavu. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, kazia macho Januari. Mtaa mzima unajua unarudi. Fundi viatu hapa jirani ananiuliza kila wiki, nami namjibu kila wiki.

Jifunike vizuri.

Shangazi yako.


11 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na hongera sana kwa mjukuu. Mwambie Dada masikio makubwa ni dalili ya akili, mimi ni mfano hai.

Godoro letu ni la kawaida tu, la humu mjini. Kiwanda chetu kinatengeneza vitu vya nyumbani.

Umesema nikueleze maisha. King'ora kinalia saa moja asubuhi, na ukifika king'ora kimeshanyamaza geti limefungwa, urudi nyumbani. Ndani tumepangwa kwa mstari mrefu. Mmoja anakata, mwingine anabeba, wa tatu anashona, mimi nafunga. Jirani yangu wa upande wa dirisha ana miaka sita hapa na chumba cha pili cha kiwanda hajakiona. Msimamizi wetu anatembea na saa mkononi, tumembatiza Nusu Dakika, kwa sababu ndicho anachotupigia kelele. Siku moja nilimuuliza, kwani hivi vitu tunavyofunga vinakwenda kwa nani? Akanitazama kama nimemuuliza jina la mkewe. Akasema, "Vinakwenda getini."

Nilicheka, lakini ilinikaa moyoni. Kwako nilikuwa najua kila mtu na mgongo wake.

Ila nikuambie na la upande wa pili, maana hukunilea niwe mwongo. Kikilia king'ora cha saa kumi na moja jioni, siku inakuwa yangu. Yangu kabisa, Shangazi. Hakuna mteja wa kugonga dirisha kwamba anataka mto wake kesho. Tunatembea mpaka uwanjani kundi zima, watu ambao kwao hata sipajui, tunacheka, tunabishana. Sijawahi kuwa na jioni. Usinielewe vibaya, nakumbuka duka sana.

Hukuniambia habari za Mama Mbegu.

Mtoto wako.


20 Mei

Mwanangu,

Leo ni barua fupi. Sote wazima. Mtoto ameanza kucheka, anacheka na ukuta, anamcheka babu yake. Baba yako mguu ni uleule, ila mgongo wake umepona ghafla, usiniulize umepona vipi.

Nina swali moja. Mkono wako bado unashona?

Nimekumbuka tu. Ulikuwa na miaka saba ulipotaka kushika sindano. Mimi ni mtu wa mashoto, ndiyo maana mji mzima umenipa jina hilo, wewe ni wa kulia. Ningekuacha ushone unavyotaka. Lakini ulikaa ubavuni kwangu kwenye godoro lilelile, nikianzia kushoto nawe unaanzia kushoto, ukapinda kifundo cha mkono mpaka nikaona huruma. Na mshono wako ukalala kushoto kama wangu. Watu walinisema, kamharibu mtoto. Mafundi wote wa mji huu mishono yao inalala kulia, ya kwetu wawili inalala kushoto.

Sijui kwa nini nimeyakumbuka leo. Nimekaa tu nikayakumbuka.

Tunza mkono wako. Kula.

Shangazi.


30 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia mbiombio, kazi zimetubana. Nimekutumia kitambaa cha gauni kwa mtu anayekuja huko, ni cha bluu, usimpe Dada.

Mkono wangu mzima. Kwani umeuliza kwa nini? Kuna lolote limebadilika hapo dukani? Sina nilichosikia, nauliza tu. Kama kuna jambo ungependa kuniambia, niambie, sitakasirika. Nami nikiwa na jambo nitakuambia.

Januari iko palepale.

Mtoto wako.


3 Agosti

Wewe mtoto!

Leo sina salamu. Baba yako mzima, dada yako mzima, mtoto mzima, salamu zimekwisha.

Nani kakuambia ubadili mkono?

Tarehe ishirini na nane lori lenu limeniletea magodoro kumi na mawili. Manane kati ya hayo upande wa mwisho umeshonwa kama kazi ya mlevi juu ya baiskeli. Jana mwalimu wa hesabu kanirudia na lake kichwani, limefumuka, sponji imetoka nje kama ulimi wa mbwa. Katikati ya barabara! Watu wamesimama wanatazama. Ananiuliza mbele yao, "Bi Mashoto, hii ndiyo kazi ya kwako siku hizi?" Miaka thelathini na moja sijawahi kurudishiwa godoro. Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikatamani ikumeze wewe kwanza.

Ndiyo, nauza sponji. Nauza magodoro ya kiwanda chenu tangu wiki sita baada ya wewe kupanda gari. Hayo ndiyo yaliyojaa mpaka mlangoni. Sufi hakuna. Haya, nimesema.

Na wewe najua uko wapi na unafunga nini. Nimejua tangu mwezi wa tano. Siku ile nilivua nailoni ya godoro moja nikalipangusa vumbi, mkono wangu ukapita kwenye ule upande wenu mnaoufunga kwa sindano sponji ikishaingia. Nikasimama. Nikapapasa tena. Mshono umelala kushoto. Nikakaa chini palepale sakafuni, mteja amesimama ananitazama, nikamwambia hili haliuzwi. Nikalipeleka ndani. Ndilo ninalolalia mpaka leo.

Wala sikukasirika, mwanangu. Nilifurahi, basi tu sikutaka kukwambia, maana ningekwambia lako ningelazimika kusema langu. Kila mwezi lori likija nafungua nailoni moja moja nakutafuta. Nikiuona mshono wako nasema, hajaumwa, hajafukuzwa, bado yupo. Barua zako zinachelewa, lori halichelewi.

Safari hii nimefungua nailoni ya kwanza, haupo. Ya pili, haupo. Godoro la sita nikaanza kuichana nailoni kwa meno. Nilijua umekufa na hawa watu hawakuniandikia. Ndipo nikautazama vizuri ule mshono wa kilevi. Umeanzia kulia, umesahau ukageuka kushoto, umekumbuka ukarudi kulia. Nikalia kwa sauti mpaka fundi viatu akaja mbio na nyundo mkononi. Nikamwambia hakuna kitu, ni huyu mjinga wangu, yu hai.

Rudisha mkono wako ulivyokuwa. Mengine nitasema nikipoa.

Shangazi yako.


19 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo, nimepiga magoti.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikacheka, nikalia, hata mpaka rangi akaamka akaniuliza nani kafariki. Nikamwambia hajafariki mtu, nimefumaniwa.

Sasa acha nikueleze. Unajua nilipoomba kazi sikuchagua. Nilisimama kwenye mstari wa mageti matatu, la sabuni, la bati, la magodoro, na la magodoro ndilo lililofunguka. Walinipa sindano, wakasema funga huo upande. Nilifunga kwa dakika mbili, wakaniajiri papo hapo. Usiku ule nilitaka kukuandikia, lakini neno godoro lilikataa kutoka. Ningekwambiaje kwamba nilichojifunza kwako ndicho kinachokunyang'anya wateja?

Basi mwezi wa sita nikaona karatasi ya lori imebandikwa getini, orodha ya miji na maduka. Jina la mji wetu. Chini yake: Mashoto, kumi na mawili. Niliisoma kama mtu aliyekuta jina lake kwenye tangazo la polisi. Nikasema, kumbe naye! Halafu papo hapo nikasema, ole wangu, ataniona. Huku wenzangu wananiita Kinyume, kwa ajili ya ule mshono. Nusu Dakika alishaniomba mara kumi nishone kama watu wengine, nikakataa. Kwa ajili yako nikakubali. Alifurahi siku moja tu. Siku ya pili alinikata posho, akaniambia afadhali kinyume kuliko hivi.

Nimerudisha mkono. Magodoro yote ya mwezi huu utaniona.

Nataka sana uone sponji inavyozaliwa. Wanamimina maji ya dawa ya aina mbili kwenye sanduku kubwa kama chumba, mara inaanza kuumuka kama unga uliotiwa hamira, inapanda mpaka kifuani kwa mtu. Harufu yake inakaa kwenye nguo hata ufue vipi. Kisha inakatwa vipande vya ukubwa mmoja. Mnene, mwembamba, mwenye kikohozi, wote kipande kimoja.

Usihuzunike. Januari narudi na tutalifufua duka. Tutarudisha sufi.

Na sasa naomba unijibu. Mama Mbegu yuko wapi? Nimeuliza mara mbili.

Mtoto wako, Kinyume.


14 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Inuka, magoti utayahitaji uzeeni.

Nimepoa. Gauni la bluu limeshonwa, dada yako amelikodolea macho, hapati.

Nikujibu. Baada ya wewe kuondoka, mwezi ule wa kwanza, niliagizwa mto mmoja. Mmoja! Watu hawataki tena kungoja siku tano. Wakala akaja na lori, mtu wa suti iliyopauka na maneno matamu, nikamfukuza. Akarudi. Safari ya pili baba yako alipanda juu ya lori eti akague, akajilaza kwenye sponji, akagoma kushuka. Mpaka leo analalia hilohilo na mgongo haumuumi. Msaliti mkubwa. Nikakubali.

Ndipo nikamwambia Mama Mbegu hakuna tena cha kuchambua. Miaka kumi na tisa amekaa kwenye ile pembe anatoa mbegu kwenye sufi, mimi nashona, anaimba, tunasengenya. Nilijiandaa anitukane. Hakunitukana. Alifagia mahali pake, akatikisa nguo vumbi likatoka, akasema, "Haya, Bi Mashoto." Hajawahi kuniita hivyo, alikuwa ananiita dada. Sasa anafua nguo za watu. Akipita hapa anapita ng'ambo ya barabara. Ndiyo maana sikukujibu. Kila nikiandika jina lake kalamu ilikuwa inanigomea.

Na kuna jambo jingine ambalo hata baba yako sijamwambia. Mgongo wangu umepona, mwanangu. Vidole vinakunjuka asubuhi bila kuvikanda. Kifua hakina vumbi. Najisikia vizuri, na najisikia vibaya kwa kujisikia vizuri. Unaelewa? Kazi niliyojivunia mbele ya mtaa mzima ilikuwa inaniumiza, na nilikuwa nakungoja wewe uje ikuumize badala yangu.

Ila watu hawakai tena. Zamani mteja alikaa kwenye benchi nimpime, atoe yake ya moyoni. Wakija mume na mke wakaagiza magodoro mawili membamba nilijua nyumba inawaka moto, nikawachelewesha makusudi mpaka wapatane. Siku hizi anasema futi nne kwa sita, anabeba, anaondoka. Duka limejaa na mimi nakaa peke yangu.

Sasa nakuuliza, na usinijibu kwa kunifurahisha, maana nakujua. Hilo duka unalitaka? Usinijibu upesi.

Shangazi.


9 Novemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ulisema nisijibu upesi, nimetii kupita kiasi. Salamu kwa wote, na mtoto nimemnunulia kofia ya kufunika hayo masikio.

Nimeanza barua hii mara nne nikachana. Hii ya tano naituma hata ikiwaje.

Mwezi wa saba mashine moja ya kushona ilikwama, fundi wake anaumwa, mstari mzima umesimama. Nusu Dakika alikuwa anakaribia kulia. Nikaomba bisibisi. Nilipotoa kifuniko, Shangazi, nikaona yale meno yanavyoshikana, hili linasukuma lile, lile linainua sindano, nilisahau kula. Ilichukua muda wa king'ora mpaka king'ora, lakini ilizunguka. Tangu siku hiyo wananiita kila ikikwama.

Sasa wamenichagua. Kuna mafunzo ya ufundi wa mashine, miaka miwili, nusu darasani nusu kazini. Yanaanza Januari. Karatasi inatakiwa iwe na saini yangu kabla ya tarehe kumi Desemba. Habari hizi nilikuwa nazo tangu Agosti nilipokuandikia kwamba tutarudisha sufi. Hapo nilikudanganya.

Sikusifii kiwanda. Mwenzetu mmoja alikatwa kidole na ile mashine ya kukatia sponji, alipelekwa hospitali saa tatu, saa nne mahali pake pana mtu mwingine anakata. Hakuna aliyesimama hata mimi. Nilitaka kusimama nikamwona Nusu Dakika anatazama saa. Jioni tulimchangia, tukaenda kumwona wote, lakini mchana ule mikono yangu iliendelea. Ndiyo sababu mojawapo nataka kuzijua hizi mashine. Ile ingewekewa kinga ya bati ya ukubwa wa sahani tu, nimeshaichora.

Umeniuliza kama nalitaka duka. Silitaki. Nakupenda wewe na duka silitaki, na nimekaa mwaka mzima nikidhani hayo maneno mawili hayawezi kukaa pamoja kwenye karatasi moja.

Lakini sijatia saini. Niliahidi mbele ya mtaa mzima, wewe ndiye uliyenilea, na uko peke yako ndani ya lile duka. Ukisema nirudi, narudi, sitanuna, nitauza sponji na wewe mpaka mwisho. Nimeiweka karatasi chini ya godoro, nangoja neno lako.

Mtoto wako.


28 Novemba

Mwanangu, baba yangu,

Marahaba. Mtoto amevaa kofia, sasa amefanana na waziri.

Barua yako niliisoma dukani, mteja akija namwambia pita kesho. Nililia, sikufichi. Halafu nikakasirika, nikakupangia maneno makali siku nzima nikifagia. Jioni nikawa nimeyasahau yote.

Nikaenda kwa Mama Mbegu. Sikwenda kwa ajili yako, nilikwenda kwa sababu nilikuwa siwezi kukaa. Nilimkuta anaanika mashuka ya watu. Nikamwambia nilimkosea. Si kwa kufunga kazi, kazi ilijifunga yenyewe, bali kwa kumpa habari ile nikiwa nimesimama mlangoni na ufunguo mkononi kama ninayemfukuza mwizi, baada ya miaka kumi na tisa. Akanipa ncha ya shuka tulikamue. Tukakamua saba. Kwenye la nane akasema, "Hizo sponji zako zinabonyea katikati, nasikia."

Ni kweli, zile za mwanzo zimeshaanza kubonyea, watu wananirudishia. Basi tumekubaliana. Siku mbili kwa wiki anakuja, tunatandaza sufi juu ya sponji iliyochoka, tunalivalisha godoro kitambaa kipya, tunalikaza. Sharti lake ni moja, hataki kuwa mfanyakazi wangu tena, tunagawana nusu kwa nusu. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Wamekuja wateja wanne, na mmoja alikaa kwenye benchi mpaka saa sita akitusimulia ugomvi wa shemeji yake. Si kazi ya kumtajirisha mtu, na dada bado haniiti. Lakini sasa anapita upande wetu wa barabara.

Kwa hiyo mimi usiniweke kwenye hesabu zako. Sipo peke yangu, na hata ningekuwa peke yangu, hilo si deni lako.

Sasa hiyo ahadi. Hebu tuiangalie vizuri. Aliyetangaza mtaani kwamba unarudi Januari ni nani? Ulikuwa na miaka ishirini na mbili, begi mkononi, gari linapiga honi, nikakuuliza mbele ya watu wote, utarudi kushika duka au hurudi? Ungesema nini? Nilikuwekea maneno mdomoni halafu nikakuita muungwana kwa kuyatamka. Nimeshamwambia fundi viatu kwamba nilisema mimi, si wewe. Ametikisa kichwa, akasema alijua.

Ngoja nikuambie kitu ambacho hukijui, ulikuwa mdogo. Mama yako alipofariki ulikuwa na miaka sita na ulikuwa hulali. Wiki mbili hukulala, unakaa macho wazi, baba yako analia huku ameketi karibu yako. Ndipo nikaja kukuchukua. Siku ya kwanza dukani nilikulaza kwenye gunia la sufi karibu na miguu yangu, nikaendelea na kazi nikiwa nakutazama kwa jicho moja. Ulilala mpaka kesho yake mchana. Mama Mbegu aliacha kuimba siku nzima asikuamshe. Watu wamesahau, wanasema Mashoto alichukua mtoto wa kaka yake apate fundi. Nami nadhani nilisahau pia. Mwanangu, sikukuchukua nipate fundi. Nilikuchukua upate usingizi.

Toa hiyo karatasi chini ya godoro uitie saini. Na ile kinga uliyoichora, mpelekee huyo Nusu Dakika mwenyewe, akikataa mwambie ana shangazi yako wa kuongea naye.

Kisha waombe siku mbili, hata moja, kabla ya mafunzo kuanza. Usije na zawadi. Usije kushika kitu chochote hapa. Uje tu ulale.

Shangazi yako.